Komando wa laki na ishirini: mshike kwapa kwanza

"Kaka habari. Mimi niko Tudor, Mombasa, nakusanya figa, hizi sanamu ndogo za wahusika wa filamu, kama miaka minne hivi, nyingi ni hizi za inchi sita. Kuna jamaa hapa mjini anauza figa ya kampuni ya Hot Toys, namba DX10, yule roboti T-800 wa filamu ya Terminator ya pili mwenye jaketi jeusi la ngozi. Ataka shilingi 120,000 na asema hapunguzi hata mia. Anadai ni ya zaidi ya miaka kumi, imekaa kwa boksi muda wote, na haitatengenezwa tena, kwa hivyo baada ya miaka miwili itafika laki mbili. Pesa ninayo, chama kimenifikia mwezi huu, lakini mke wangu asema nimerogwa, laki na ishirini kwa mdoli. Je, ni ghali kupita kiasi ama ndo bei ya mkusanyaji? Ninunue?"

Ndugu yangu salaam. Nimelisoma swali lako mara mbili na naona kuna maswali matatu humo ndani umeyafunga kwa kamba moja. La kwanza, je hii bei ni ya haki. La pili, je itapanda kama anavyosema muuzaji. La tatu hukuliuliza lakini liko pale, utamwambia nini mama watoto. Jibu langu fupi kwa 120,000 ni hapana, usinunue, lakini sababu yangu si ile ya mkeo na wala sina neno na figa yenyewe, ni figa nzuri sana, sisi tuliokuwa tukimwangalia yule bwana mwigizaji, Arnold Schwarzenegger, kwenye vibanda vya video Majengo tukimwita Komando kwa kila filamu hata asipokuwa komando twaijua thamani ya kumuweka mezani na jaketi lake. Sababu yangu ni hilo hilo jaketi, ntakuja huko.

Kwanza tumalize hili la mdoli. Mwaka 1964 Hasbro wa Marekani walipotoa G.I. Joe, mwanajeshi wa kama sentimita 30 mwenye viungo vinavyokunjika na nguo za kuvua na kuvaa, wenyewe walijua wazi kwamba ni mdoli, lakini walijua pia hakuna baba atakayemnunulia mwanawe wa kiume mdoli, wakakaa chini wakabuni jina jipya, akshen figa. Kwa hivyo mkeo yuko sawa kwa kiasi chake, hilo jina letu la heshima lilitungwa na watu wa biashara. Mkubalie hilo moja, mambo mengine yatakuwa rahisi.

Sasa bei. Kosa ambalo naliona kila wiki, na wakusanyaji wazoefu wanalifanya pia, ni kuchanganya bei iliyoandikwa na bei iliyolipwa. Muuzaji wako nina hakika ameingia eBay, lile soko la mtandaoni, akatafuta DX10, akaona mtu kule nje ameandika dola mia tisa na kitu, akazidisha kwa shilingi 129, akapata laki na ishirini yake. Lakini yule wa eBay ameandika tu, hata mimi naweza kuweka meza Marikiti nikaandika kiazi kimoja shilingi elfu, kuandika si kuuza, na huenda lile tangazo liko pale tangu mwaka juzi linapigwa vumbi. Unachotakiwa kufanya ni kuingia eBay hiyo hiyo, ukaenda kwenye vichujio ukachagua vitu vilivyokwisha kuuzwa, hapo ndo utaona pesa iliyotoka mfukoni mwa mtu kweli. Angalia mauzo kumi ya karibuni, lile la juu kabisa litupe na la chini kabisa litupe, yaliyobaki ndo soko. Na usome maelezo, maana yenye jaketi lililoanza kupasuka huuzwa tofauti kabisa na yenye jaketi zima, wakati picha ya mbele zote zafanana. Kukupa kipimo tu, figa hii ilipotoka dukani ilikuwa chini ya dola 300, yani kwa shilingi ya leo hata elfu arobaini haifiki. Kupanda imepanda, sikatai, lakini kutoka hapo hadi laki na ishirini mtu anatakiwa akuonyeshe njia aliyopita.

Hili la "haitatengenezwa tena" nalo linahitaji kuangaliwa vizuri. Inawezekana kabisa namba hiyo hiyo isirudi. Lakini Hot Toys, ambao wako Hong Kong tangu mwaka 2000, hawana haja ya kurudisha figa ile ile ili kuivunja bei, wanatoa tu nyingine ya mhusika huyo huyo yenye sura iliyochongwa vizuri zaidi. Muulize mtu aliyenunua Batman wao wa DX12, yule wa filamu ya 2012 mwenye macho ya kuzungushwa. Watu walimlipia pesa za ajabu wakijua ndo mwisho, halafu miaka kadhaa baadaye kampuni ikatoa DX19, Batman yule yule wa filamu ile ile, mpya, mzuri zaidi. Waliokuwa wameshikilia DX12 wakingoja ipande walikimbilia kuuza wote siku moja, na wakikimbia wote kwenye mlango mmoja unajua kinachotokea. Kwenye figa ndogo ni vivyo hivyo, Spider-Man wa katuni wa MAFEX, figa za kampuni ya Medicom ya Japani, namba 075, kuna wakati alikuwa anauzwa mara mbili mara tatu ya bei ya duka, kisha Medicom wakamrudisha sokoni, wakamrudisha tena, na walionunua kwa walanguzi wakabaki na risiti.

Na kwa nini basi kuna midoli ya zamani iliyouzwa kwa bei ya nyumba? Hapa ndo watu wengi wanapopotea. Zile figa za filamu ya Star Wars za kampuni ya Kenner zilizoanza kuuzwa 1978, za kama sentimita tisa na nusu, ziliuzwa kwa mamilioni, kwa hivyo hazikuwa adimu hata kidogo. Zimekuwa adimu kwa sababu watoto walizichezea, wakazizika mchangani, wakazing'ata vichwa, mama zao wakatupa maboksi siku ile ile. Iliyobaki nzima kwenye karatasi yake ngumu ya dukani ni ya bahati. Sasa mwaka 1995 Kenner wakarudi na Star Wars mpya, na safari hii wanunuzi ni watu wazima waliokuwa wamesikia hadithi za utajiri, wakanunua mbilimbili, moja ya kufungua na moja ya kuweka, wakaziweka kwenye makasha hawakuzigusa. Leo zile za 1995 unaweza kuzipata zikiwa na karatasi yake kwa bei ya chakula cha mchana, maana kila mtu aliweka na hakuna aliyepoteza. Ile figa ya Boba Fett, mhusika wa Star Wars, ya kurusha roketi iliyouzwa dola 525,000 mwaka 2024 ilikuwa sampuli ya kiwandani, haikuwahi kufika dukani kabisa. Figa yako wewe iko kundi gani? Ilinunuliwa na watu wazima, wenye kabati za kioo, waliovaa glavu kuitoa kwa boksi. Wote wameweka.

Lakini tuseme bei ni sawa na soko halitavunjika. Bado kuna jaketi.

Lile jaketi na suruali yake havina ngozi ya ng'ombe hata kidogo. Ni kitambaa chepesi kilichopakwa tabaka la plastiki laini inayoitwa poliyurethani, wengi tunaiita PU tu. Na hii PU ina adui mmoja mkubwa, maji. Siyo maji ya kumwagika, nasema maji yaliyomo hewani. Ile plastiki imejengwa kwa minyororo mirefu, na chembe za maji zinaingia ndani polepole zikikata mnyororo mmoja mmoja, wataalamu wa kemia huita haidrolisisi, na joto linaharakisha. Mwanzoni huoni kitu. Kisha jaketi linaanza kunata kidogo ukiligusa. Kisha linapata mikwaruzo midogo kwenye mikunjo, na siku moja ukimkunja mkono linabanduka vipande vipande kama magamba ya changu. Huhitaji kuniamini mimi, nenda chini ya kitanda chako utoe vile viatu ulivyovaa harusini miaka mitatu iliyopita ukaviweka kwa boksi ili visiharibike, vaa utembee hadi mlangoni. Unajua soli itakuwaje, imeshatutokea sote, mwengine imemtokea mbele za watu siku ya Iddi. Ile soli iliyogeuka unga na hili jaketi la Komando ni ugonjwa mmoja.

Na sisi tunaishi wapi? Mombasa, kisiwani, hewa ina unyevu wa zaidi ya asilimia 70 siku nyingi za mwaka, ikifika masika mwezi wa tano hata mkanda wa suruali ulioning'inia unaota ukungu. Wenzetu wa Singapore na Hong Kong wanalia kilio hichi hichi. Mtu wa Nairobi ana afadhali, kule hewa ni baridi na kavu zaidi, sisi kila mwaka mmoja wa hapa twaweza kusema ni miwili ya kule. Mimi mwenyewe nilikuwa na figa moja ya kike, vazi jeusi la kubana mwili mzima, nilimnunua kwa mtu aliyeniapia kwamba hajawahi kutoka kwenye boksi, na kweli alikuwa hajatoka. Nikamweka kwenye kabati la chumbani, dirisha latazama baharini, upepo wa kusi wapiga ndani raha tupu. Mwaka wa pili nilipombadilisha pozi goti lote likabaki kidoleni mwangu. Nilikaa kimya nikavuta kiti nikakaa tena.

Kwa hivyo ile sifa ya muuzaji wako, kwamba imekaa kwa boksi muda wote, haikulindi na hili. Boksi si jokofu. Tena wakati mwengine ndani ya boksi ni pabaya zaidi, hakuna hewa inayopita, plastiki imelalia ngozi, mivuke ya plastiki yenyewe imejifungia humo humo, na hakuna mtu aliyetazama kwa miaka kumi. Figa ya umri huo ambayo haijafunguliwa ni kama nazi, hujui mpaka uvunje. Na bei ya mkusanyaji inalipwa kwa hilo jaketi, ukiliondoa jaketi una mtu mwenye miwani na kichwa kizuri sana.

Ukitaka kwenda kumwona, nenda mchana, siyo usiku chini ya taa ya duka. Mwombe akuruhusu kumtoa, akikataa kwa kisingizio cha kulinda thamani mshukuru uondoke, laki na ishirini hailipwi kwa kitu kisichoguswa. Jambo la kwanza mshike kwapa. Nasema kweli, usianze na uso, kila mtu anaanza na uso. Makwapa, ndani ya kiwiko, nyuma ya goti na pale mkanda unapobana kiunoni, ndo sehemu zinazokunjika na ndo zinaanza kufa. Pitisha kidole kikavu taratibu, kikinata kidogo hata kama hakuna ufa ujue safari imeshaanza na hakuna dawa ya kuirudisha. Kuna watu watakwambia paka mafuta ya ngozi ama kiwi, usithubutu, yale ni ya ngozi ya mnyama, PU haina vinyweleo vya kunywa mafuta, unaongeza tu utelezi juu ya maiti. Kisha tazama kola, halafu viungo vya ndani, simamisha kwa miguu yake uone kama magoti yanalegea. Kama kuna sehemu ya betri ifungue, ukiona unga mweupe ama kijani betri ilivuja, na chumvi ya hewa yetu hapo inamalizia kazi kwenye shaba. Nusa pia. Bandia nyingi zina harufu kali ya rangi hata baada ya muda, maandishi ya boksi yana ukungu ukungu, na rangi ya ngozi ya uso ni bapa kama imepakwa brashi moja, wakati za asili zina vitone na mishipa unaiona ukisogeza karibu. Ila kwa figa ya bei hii usitegemee macho yako pekee kama hujawahi kushika ya asili, nenda na mtu aliyewahi kumiliki moja. Hapa mjini tupo, si wengi, lakini tupo na twapenda sana kuitwa.

Umefikiria kuagiza mwenyewe? Watu wengi wa hapa wanadhani ndo ponapona, na mara nyengine ni kweli, lakini piga hesabu yote. Ushuru wa forodha haupigwi kwenye bei ya figa peke yake, unachukua bei, usafiri na bima, jumla hiyo ndo inatozwa ushuru, halafu VAT ya asilimia 16 inakuja juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa ushuru, halafu kuna zile tozo ndogo ndogo za kuingiza mzigo. Chukua mfano tu, figa ya dola 300 na usafiri dola 70, hiyo ni kama 48,000, na ukifika mwisho usishangae imeongezeka nusu yake, ukajikuta umegonga sabini na kitu. Bado uko mbali na laki na ishirini lakini si ile elfu thelathini na nane uliyoiona kwenye simu ukafurahi. Kwa mzigo wa thamani hii zungumza na wakala wa forodha kabla hujalipa, siyo baada ya mzigo kukwama. Na kama una shangazi ama binamu Dubai anayekuja likizo, haya, hiyo ni njia kongwe ya Mswahili, ila mwambie aibebe mkononi, asiitie kwenye sanduku pamoja na makopo ya maziwa.

Sasa ungekuwa mdogo wangu ningekushauri hivi. Kama kinachokusukuma ni ile laki mbili ya miaka miwili, acha kabisa, weka pesa hata kwenye sako, kwa sababu unanunua kitu kinachozeeka kwa kemia, kwenye mji wenye mnunuzi mmoja au wawili wa bei hiyo, na siku utakayotaka kuuza utakuwa ni wewe unayeambiwa "mbona ghali". Kama kinachokusukuma ni mapenzi, umemtaka tangu utotoni na ukimwona moyo wadunda, hapo tunaweza kuongea, lakini nunua ukiwa umeshalizika jaketi kichwani mwako. Jiulize ningetoa ngapi kwa figa hii kama jaketi litakufa mwaka ujao. Mimi, kwapa likiwa kavu na kichwa kikiwa kizima, ningeanza na hamsini na ningesimama kwenye sitini na tano, zaidi ya hapo namwachia. Mapenzi yana bei yake na sitaki kujifanya kwamba mimi sijawahi kulipa zaidi, nimelipa, na zipo mbili kabatini kwangu ambazo mke wangu mpaka leo anajua zilikuwa "ofa".

Kuna njia nyengine ambayo sisi wa pwani tungeifuata zaidi, nayo ni kununua figa zisizo na ngozi ya bandia. Iron Man wa chuma na plastiki, roboti, mashujaa wenye vazi lililochongwa moja kwa moja kwenye plastiki ngumu, hata hizo zako za inchi sita. Hazina kinga kamili, plastiki laini ya PVC nayo ikikaa kwenye joto hutoa yale mafuta yanayoilainisha ikawa inanata, lakini hiyo unaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo unaendelea na maisha. PU haioshwi ikapona. Majaketi ya badala yapo, kuna watu nje wanayashona kwa ngozi halisi nyembamba kwa skeli ya 1/6, yani kipimo cha figa hizi, moja ya sita ya mtu halisi. Usimpelekee fundi wa kawaida, mimi nilijaribu, ngozi ya kiatu ilikuwa nene hivi kwamba yule bwana hakuweza kushusha mikono, alikaa miezi kama mtu anayesimamisha matatu.

Ukishanunua, chochote kile, kiweke kwenye kabati la kioo linalofunga, mbali na dirisha la bahari na mbali na jua la asubuhi, vijipakiti vya silika vya kunyonya unyevu ndani na uvibadilishe vikishiba, na kile kipimo kidogo cha unyevu kinachouzwa bei rahisi, ukiweza kushusha hadi asilimia 50 umefanya kazi kubwa kwa mji huu. Usimfunge kwenye nailoni. Usimkunje mikono ikakaa hivyo, msimamishe wima kama anangoja daladala. Na AC ya kuwasha usiku ukazima asubuhi ni mbaya kuliko kukosa AC, ile baridi na joto kupokezana ndo inaleta jasho juu ya kila kitu.

Yule muuzaji mwambie utakuja Jumamosi mchana na mwenzako, na kwamba utamshika. Ukiona ameanza kutafuta maneno, basi jaketi ameshalishika yeye. Na mama watoto nenda naye pia kama atakubali, mpe yeye kazi ya kupatana bei, mtu anayemwita yule bwana mdoli mbele ya mwenyewe atakushushia elfu ishirini kabla hamjakaa.